Maneno niliyosema Ipuli kuhusu kujaza maganda ya risasi

(Haya ni maongezi yangu na wamiliki wa silaha na askari wa wanyamapori wa vijiji, hapa Tabora. Wengi mliomba niyaandike, nimeyaandika kama nilivyoongea, nimepunguza tu kukohoa.)

Mwangaluka wazee wangu, mwangaluka akina mama, na nyie vijana mliosimama huko mlangoni sogeeni basi, viti vya mbele vinakaliwa na upepo tu. Kwanza niombe radhi, mwenyekiti ameniita mtaalamu, mi sio mtaalamu. Mi mtoto wa Sikonge, nimekula ujana wangu kwenye kambi za uwindaji, nimebeba bunduki za watu huko Ugalla na Rungwa, nimefuata nyayo za mbogo mpaka soli zikabaki njiani, na katika hiyo kazi mgeni mmoja mzee akanipenda akanialika kwao Marekani, jimbo la Wyoming, nikakaa naye miezi mitatu. Watu Sikonge wakasema jamaa kaenda kutalii. Nilienda kukaa gereji, maana yule mzee gari lake linalala nje kwenye theluji, gereji ni ya risasi.

Nimeombwa niongelee hii kitu wanaita kurilodi, yaani unachukua ganda la risasi iliyokwisha kupigwa unalijaza upya nyumbani kwako. Na najua kwa nini nimeombwa. Vijana wetu siku hizi wanaona kila kitu kwenye simu, video ya dakika nane, Mzungu anacheka, anavuta mkono wa mashine, risasi inatoka inang'aa, basi na wewe unaona mbona rahisi, mbona hata mimi. Hapo hapo kijana anaanza kuokota maganda porini.

Sasa niliweke hili mezani mapema ili OCS asije akanitafuta kesho asubuhi nikiwa na chai mkononi. Sheria yetu ya udhibiti wa silaha na risasi, ile ya 2015, inataka kibali kwenye kumiliki, kibali kwenye kuuza, kibali kwenye kutengeneza. Ile leseni yako ya kumiliki bunduki haikufanyi wewe kuwa kiwanda. Kwa hiyo sijaja kuwafundisha mkajaze, nimekuja kuwaambia wenzetu wanaoruhusiwa wanafanyaje, kwa vifaa gani, kwa uoga gani, halafu mtaona wenyewe kwamba uoga ule ule unakuhusu wewe mwenye boksi moja la risasi chini ya kitanda.

Shika hii. Hii ni risasi ya raifo kubwa, saizi .375, maiti hii, haina poda wala fataki, nimeitoboa ubavuni muone ndani, msiogope, ipitisheni. Ukiitazama utaona ni vitu vinne tu. Kuna ganda la shaba nyeupe, shaba na zinki hiyo. Kuna kichwa, ndo chuma kinachoruka kwenda kwa mnyama, hiki cha .375 kina greini 300 na greini ni kipimo kidogo mno, gramu moja ni greini kama 15 na nusu hivi, wale wachimba dhahabu wa Nzega mliopo humu mnanielewa mizani ya namna gani inahitajika. Kuna poda. Na kule kitakoni kuna kile kidude kidogo cha duara, wazee wanaita fataki, wenzetu praima. Pini ya bunduki inagonga fataki, fataki inatema cheche kupitia tundu, poda inawaka, gesi yake inasukuma kichwa. Basi. Ganda ndo kitu pekee kinachobaki na ndo ghali kuliko vyote, ndo maana watu wakaona kulitupa ni hasara.

Ila sio kila ganda linajazika kirahisi. Kuna fataki za mtindo wa Boxer, huyo alikuwa Mwingereza, ganda lake lina tundu moja katikati unasukuma fataki ya zamani kwa sindano inatoka yenyewe. Na kuna za Berdan, huyo Mmarekani, ganda lake lina vitundu viwili vidogo pembeni na sindano haina pa kupita. Kichekesho ni kwamba Wamarekani wanatumia ya Mwingereza na huku Ulaya na jeshini kwingi wakabeba ya Mmarekani. Kwa hiyo kijana anayeokota maganda hovyo hajui hata kaokota nini, anaingiza msumari, anagonga na nyundo, wakati mwingine fataki haikulipuka mara ya kwanza, inalipukia usoni kwake.

Sasa nije kwenye poda, na hapa ndo nitakaa maana hapa ndo watu wetu wanakufa.

Mnamjua Mirambo, sina haja ya kumwambia mtu wa Tabora Mirambo ni nani. Mirambo kafariki Desemba 1884. Watu wake walipigana kwa magobore, baruti nyeusi ile, unamimina mdomoni mwa mtutu, unasindilia, ukipiga moshi unafunika mpaka humuoni aliyeko mbele. Mwaka huohuo wa 1884, kule Ufaransa kemia mmoja anaitwa Paul Vieille ndo anatengeneza poda isiyo na moshi. Yaani mwaka mmoja, zama zinafungwa huku na zingine zinafunguliwa kule. Na tangu hapo duniani kuna poda mbili ambazo kwa jina ni ndugu ila kwa tabia hazina hata ujirani. Ile nyeusi ya zamani inawaka kwa pupa hata ikiwa wazi, cheche tu, lakini kwenye mtutu nguvu yake ina kikomo ambacho chuma cha zamani kilikizoea. Hii ya kisasa ukiimwaga chini ukaiwasha inaungua tu, wuuu, kama majani makavu, utasema hii nayo ni poda gani. Ibane sasa. Ikibanwa, jinsi mgandamizo unavyopanda ndivyo inavyozidi kuwaka haraka, na ikiwaka haraka mgandamizo unapanda tena, inajichochea yenyewe.

Kwa hiyo yule ndugu yangu anayefungua risasi ya raifo akamwaga poda yake kwenye gobore, eti kwa sababu kijiko kilekile cha baruti kinaonekana kimejaa vilevile, huyo hajatengeneza bunduki, katengeneza bomu na kaliegemeza shavuni. Nimemuona mmoja mwaka ule niko kambini, alikuja kutafuta lifti ya hospitali, mtutu ulikuwa bomba la maji, umefunguka kama ndizi iliyomenywa nusu, na mkono wa kushoto kaufunga na kanga ya mkewe. Vidole viwili havikuwepo. Alichokuwa anarudia njiani kote ni "nilipima kijiko kilekile". Kijiko kilekile! Hakuwa mzembe, hapo ndo panaponiuma, alipima. Alipima kwa kipimo cha baruti kitu ambacho sio baruti.

Na hata hizi za kisasa zenyewe ziko za aina nyingi mno, za bastola zinawaka haraka, za raifo kubwa taratibu, na kwa macho zinafanana, punje nyeusi au kijivu, vijiti vidogo au vipande bapa. Ukiiweka ya bastola kwenye raifo kwa kipimo cha raifo hutasimulia.

Ndo maana gereji ya yule mzee ilikuwa na sheria moja aliyoiandika kwa chaki juu ya meza, poda moja mezani, basi. Ukimaliza kazi, kilichobaki kinarudi kwenye kopo lake lilelile siku hiyohiyo. Ukiacha poda kwenye kipimio ukaenda kulala, asubuhi hukumbuki ni ipi, na kama hukumbuki hiyo sio poda tena ni takataka, hairudi kwenye kopo lolote. Mimi siku ya kwanza nikaona uchoyo wa mpangilio tu, mzungu na mambo yake.

Meza yenyewe sasa. Meza nzito imepigwa bolti ukutani, kwa sababu presi inavutwa kwa nguvu na meza ikicheza kila kitu kinacheza. Presi ni chuma chenye mkono kama ile mashine ya kukamua alizeti, wenye haraka wana zile zinazozunguka na kufanya hatua zote kwa mpigo, yeye akakataa, alikuwa na ya hatua moja, anasema mashine ya haraka inafanya kosa la haraka. Ndani ya presi unafunga kitu kinaitwa dai, ni kama kalibu, ganda lililotanuka kwa moto linasukumwa humo linarudi kwenye saizi yake na fataki mfu inatolewa hapohapo. Kuna kalipa ya kupima urefu, ganda likipigwa mara nyingi linarefuka shingoni linahitaji kukatwa. Kuna mizani, na vijiwe vya uzito unaojulikana vya kuikagua mizani yenyewe kabla hujaanza, maana mizani nayo inadanganya, ile ya betri hata feni ikipuliza inayumba. Kuna trei ya mbao yenye matundu hamsini. Miwani, kila mtu, hata mgeni aliyesimama tu. Na kitabu. Kitabu cha vipimo kutoka kwa watengenezaji wa poda na vichwa, wala sio cha kusikia kwa jirani, na hata kwenye hicho kitabu hauanzi juu, unaanza chini, kama asilimia kumi chini ya kiwango cha mwisho, unapanda kidogo kidogo unaangalia ganda linasema nini.

Ganda linasema, eeh. Nilichokipenda kuliko vyote ni waya. Klipu ya karatasi hii ya ofisini, unainyoosha, ncha unaipinda kidogo kama ukucha wa paka, unaiingiza ndani ya ganda mpaka chini halafu unaivuta taratibu ukiikwaruza ukutani. Kama karibu na kitako waya unakwama kidogo, kuna mtaro, ganda linataka kukatika hapo, na kwa nje ukiangalia vizuri kuna pete inayong'aa. Hilo unaliminya na koleo na kulitupa, usilihurumie. Alinipa maganda arobaini nikague, nikapata matatu, nikajisikia daktari.

Sasa niwape aibu yangu. Wiki ya tano hivi, akaniamini nimimine poda kwenye maganda ya .38, bastola hiyo. Hili ganda ni la enzi za baruti nyeusi, lina tumbo kubwa, ila poda ya kisasa inayotakiwa ni kidogo sana, inakaa chini kule hata nusu haifiki. Maana yake nini? Maana yake ukiweka mara mbili kwa bahati mbaya, haimwagiki. Inatosha vizuri tu, inakaa kimya. Mi naendelea, nimefika tundu la ishirini na kitu, simu ikaita, dada yangu kutoka Sikonge, kule kwetu usiku, anataka kuniambia ng'ombe wa baba kaingia kwenye tumbaku ya watu na mwenye tumbaku anadai. Nikaongea, nikacheka, nikaahidi hela ambayo sina, nikakata. Nikarudi mezani, nikaendelea.

Mzee akaja na tochi. Hakuuliza kitu. Akainamisha taa juu ya trei, anapitisha mstari kwa mstari, macho yanaangalia kimo tu cha poda ndani ya kila ganda, akafika moja akasimama. Akanipa tochi. Na mimi nikaona, wenzake wote poda iko chini kizani, hili moja poda imepanda inanitazama. Mara mbili. Ile ingefungwa kichwa juu, kwa nje isingetofautika na zingine hata kidogo, ingekaa kwenye boksi hata mwaka, halafu siku moja mjukuu wake ananyoosha mkono.

Hakunigombeza, angenigombeza ningepona. Alichukua trei yote hamsini akazimwaga poda zote kwenye ndoo ya taka, hata zile nzuri, akasema tunaanza upya, na simu yako iende jikoni kwa mama. Tangu siku ile mi simu nikiwa na kitu chenye kuwaka haikai mfukoni. Na ukikatizwa katikati, hata na mtoto, hauendelei ulipoishia, unarudi mwanzo wa trei na tochi.

Kinyume chake pia kipo, ganda lisilo na poda kabisa. Fataki peke yake inasukuma kichwa mpaka katikati ya mtutu kinakwama. Unasikia "pyu", sauti ya chupa ya soda sio ya bunduki, na mtu mwenye haraka anakoki anapiga nyingine nyuma yake, mtutu unapasuka. Hili linakuhusu wewe wa hapa hata kama risasi zako ni za dukani kabisa. Sauti ikiwa ya ajabu, simama. Toa zilizobaki, fungua, chungulia kutokea nyuma kwenye chemba kama unaona mwanga. Hata kama mbogo anakuja panda mti kwanza. (Watu wakacheka, ila askari wa Ugalla mmoja hakucheka, nadhani anajua.) Na ukivuta triga ikasema "ka" bila mlio, usifungue papo hapo, mdomo wa mtutu uelekee pasipo na mtu, hesabu mpaka thelathini, kuna fataki zinachelewa.

Wala msidhani kiwandani hawakosei. Ile .458 ya Winchester iliyotoka 1956 kwa ajili ya tembo na mbogo wetu huku Afrika, ganda walilifanya fupi, ikabidi poda isindiliwe sana itoshe, na baadhi ya hizo risasi poda ikagandamana kama sukari iliyopigwa na unyevu, zinapiga dhaifu. Kuna Mmarekani, Jack Lott, alijeruhiwa na mbogo Msumbiji 1959, akaondoka na hasira, baadae akaja kutengeneza .458 yake mwenyewe yenye ganda refu. Wageni wengine walikuja nayo kambini kwetu, inategua bega hiyo.

Kuhifadhi sasa, nitaenda haraka maana naona mama lishe ameshafunua sufuria. Poda wenzetu wanaiacha kwenye kopo la kiwandani, kopo laini kwa makusudi, na kabati ni la mbao. Mtu wetu angeweka kwenye sanduku la chuma lenye kufuli kubwa akaona ndo usalama, kumbe ukitokea moto sanduku la chuma lililobana ndo bomu lenyewe, mbao inaachia. Fataki hazitolewi kwenye pakiti yake zikamiminwa kwenye chupa ya jamu, kwenye pakiti zimetenganishwa moja moja, kwenye chupa moja ikiamka zinaamka zote. Poda ikimwagika ni ufagio na kizoleo, sio mashine ya kuvuta vumbi. Poda ikianza kunuka ukali kama asidi, au ina vumbi jekundu kama kutu, imeoza. Na baada ya kazi mikono na sabuni kabla hujashika ugali, kwenye fataki na yale masizi ya maganda kuna madini ya risasi, ile sumu haina ladha na watoto ndo inawaharibu zaidi, mke wa yule mzee alishampiga marufuku kuosha maganda jikoni, na mi namuunga mkono.

Wewe wa Tabora, risasi zako boksi moja, usiziache kwenye dashibodi ya gari Oktoba hii, usiziweke darini chini ya bati, usizipake mafuta eti zisipate kutu maana mafuta yakipenya kwenye fataki yanaiua. Boksi lake la asili, pakavu, pamefungwa, mbali na bunduki yenyewe, na ufunguo usiwe unajulikana na watoto, na wanajua, usijidanganye, wangu alikuwa anajua ninapoficha sukari.

Maswali. Eeh, mzee wangu pale mwenye kofia. (Aliuliza kuhusu gobore la marehemu baba yake liko ndani ya nyumba Urambo, halina kibali, na ndani yake anahisi kuna baruti tangu enzi.) Shikamoo baba. Kwanza usilitikise, usichokonoe na chuma, usimpe mjukuu akalijaribu kama linapiga. Baruti nyeusi ikikaa kavu inakaa miaka na miaka na bado inasubiri. Usilibebe kwenye bodaboda vilevile. Nenda mikono mitupu kwa mtendaji au kituoni, waambie liko wapi na limejaa, waje wao. Ndio, najua unaogopa utaulizwa. Nitakusindikiza mimi, tukimaliza kula hapa tuongee tupange siku.

Haya, ile .375 niliyoipitisha iko kwa nani? Nimeleta moja, nataka kuondoka na moja.